Kutoka Zamu hadi Urukiko: Historia Fupi ya Mpira Redioni Kigali

Utangulizi

Mtu akipita Agakiriro ka Gisozi asubuhi ya Jumatatu, atasikia sauti za misumeno na nyundo, na katikati ya sauti hizo atasikia redio. Redio hizo hazipigi muziki tu. Zinazungumza mpira. Watangazaji watatu au wanne wanabishana kuhusu penalti ya juzi, kocha aliyefukuzwa na mchezaji anayedai mshahara wake, na mafundi wa mbao wanabishana nao huku kazi ikiendelea.

Wanafunzi wetu wengi husikiliza vipindi hivi kila siku. Hata hivyo, katika masomo ya lugha tunavipita kama kelele za mtaani. Makala haya yanaeleza kwa ufupi jinsi mazungumzo ya mpira redioni yalivyokua hapa Kigali, na Kiswahili kilivyohusika. Nia yangu ni kuonyesha kwamba historia hii ni sehemu ya historia ya lugha nchini Rwanda, na kwamba mwalimu wa Kiswahili ana jambo la kufanya nayo.

Redio na lugha zake

Redio Rwanda ilianza mwaka 1961, wakati nchi ikikaribia uhuru uliopatikana tarehe 1 Julai 1962. Kwa miaka mingi ilitangaza kwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili. Jambo hili husahaulika. Tunapowaambia wanafunzi kwamba Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda kwa sheria iliyopitishwa na Baraza la Wabunge mwezi Februari 2017, wengine hudhani kuwa lugha hii iliingia nchini siku hiyo. Kiswahili kiliingia na misafara ya biashara na utawala wa Wajerumani, kikakaa Biryogo na Nyamirambo, na kilikuwa redioni tangu zamani.

Kuna jambo jingine lililo karibu nasi zaidi. Jirani ya Gisozi kuna kilima cha Kinyinya. Huko Deutsche Welle, redio ya Ujerumani, ilijenga kituo cha kurushia matangazo ya masafa mafupi baada ya mkataba wa mwaka 1963. Kituo kilianza kazi mwaka 1965 na kilifungwa mwezi Machi 2015. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle yenyewe ilianza Februari 1963. Basi kwa nusu karne, mitambo iliyo juu ya kilima cha Kigali ilisaidia kusambaza sauti barani Afrika, Kiswahili kikiwamo, pamoja na habari za michezo na matokeo ya ligi ya Ujerumani. Wakazi wa chini ya milingoti ile wengi wao hawakukitumia Kiswahili nyumbani, lakini kilipita juu ya mapaa yao kila siku.

Viateur Kalinda na msamiati wa mpira

Jina la kwanza ambalo mwanafunzi wa historia hii anapaswa kulijua ni la Viateur Kalinda, mtangazaji wa michezo wa Redio Rwanda. Alivuma kwa kutangaza mpira kwa Kinyarwanda katika miaka ya kabla ya 1994, na anakumbukwa hadi leo kwa istilahi. Maneno mengi ambayo watangazaji wa leo wanayatumia bila kufikiri yanahusishwa naye, ama aliyabuni au aliyaeneza.

Hebu tuyatazame machache. Eneo la penalti kwa Kinyarwanda huitwa urubuga rw'amahina. Mpira wa miguu wenyewe huitwa ruhago, neno linalohusiana na uruhago, yaani kibofu. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka mara moja kwamba watangazaji wetu nao huuita mpira gozi, yaani ngozi kubwa. Mnyarwanda ameutaja mpira kwa kile kilicho ndani yake, Mswahili kwa kile kilicho nje. Kitu ni kimoja, ila kila lugha imekishika upande wake.

Neno linaloshangaza zaidi ni la mlinda mlango. Kwa Kinyarwanda ni umunyezamu, na wengine husema umuzamu. Goli lenyewe, yaani milingoti na wavu wake, ni izamu. Mshambuliaji ni rutahizamu, kutokana na gutaha izamu, yaani kuingia golini. Msingi wa maneno yote haya ni zamu, neno la Kiswahili. Zamu ni kipindi cha mtu kulinda au kufanya kazi kabla hajapokewa na mwenzake. Tunasema kushika zamu, na mlinzi wa zamu. Neno hili liliingia katika Kinyarwanda na kazi za ulinzi, ndiyo maana umuzamu ni pia yule mlinzi wa usiku anayekaa getini.

Sasa angalia mambo yalivyogeuka. Wenye Kiswahili hawasemi mzamu. Wanasema kipa au golikipa, maneno yaliyotoka katika Kiingereza, au wanasema mlinda mlango wanapotaka kupendeza. Mnyarwanda ndiye aliyelichukua neno la Kiswahili akaliweka golini, na likazaa hata jina la yule anayekuja kumfunga huyo mlinzi. Kwa maneno mengine, katika mpira wa Rwanda kuna Kiswahili ambacho Dar es Salaam haikijui.

Na si neno hilo tu. Umupira umetokana na mpira, ambao kwa Kiswahili ni kitu cha kuchezea na pia ile mali ghafi inayogemwa mtini. Kinyarwanda kimeongeza maana nyingine: umupira ni pia sweta. Mwanafunzi wangu anayesema kwa Kiswahili kwamba amevaa mpira kwa sababu ya baridi anachukua maana ya Kinyarwanda na kuirudisha katika neno lililotoka kwa Waswahili.

Kitenzi cha kutangaza mpira nacho kina mafunzo yake. Waswahili husema kutangaza mpira. Wanyarwanda husema kogeza umupira, kitenzi kile kile kilichomo katika iyogezabutumwa, yaani uenezaji wa Injili. Mtangazaji wa mpira na mwinjilisti wanafanya kazi ya jina moja. Wote wawili wanamfanya mtu aamini jambo ambalo hakuliona kwa macho yake.

Wenzake wa Dar es Salaam na Nairobi

Kazi aliyoifanya Kalinda kwa Kinyarwanda ilikuwa ikifanywa kwa Kiswahili na wenzake wa Tanzania na Kenya. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikawepo Redio Tanzania Dar es Salaam. Huko watangazaji kama Ahmed Jongo, Tido Mhando na Charles Hilary walijenga lugha ya mpira ambayo sasa iko kwenye kamusi zetu. Nairobi, katika Sauti ya Kenya, alikuwako Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Charles Hilary naye alifariki Mei mwaka huo huo.

Hawa hawakupewa orodha ya istilahi na baraza lolote. Mchezo ulikuwa unaendelea mbele yao na msikilizaji hakuwa na picha, hivyo iliwapasa kusema jambo kabla halijapita. Wakachukua maneno mahali walipoyapata. Bao lilitoka kwenye mchezo wa bao. Chenga, tobo na kanzu yalitoka mitaani. Kona na penalti yalitoka kwa Waingereza, yakavaa irabu. Kuotea likawa neno la mchezaji anayemvizia kipa nyuma ya mabeki. Kocha akaitwa mwalimu, na sisi walimu tuna haki ya kulifurahia hilo.

Mwalimu mmoja wa kweli alikuja kuwa mfano wa jambo hili. Alex Kashasha, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa mchambuzi wa mpira katika TBC Taifa. Watu walimwita Mwalimu, na wengi walifungua redio kwa ajili ya uchambuzi wake kuliko kwa ajili ya mechi yenyewe, kwa sababu aliweza kukieleza kitendo cha sekunde mbili kwa maelezo yaliyokamilika kama somo.

Tukilinganisha, tunaona tofauti moja kubwa. Watangazaji wa Kiswahili walikuwa na wasikilizaji wa nchi kadhaa, kwa hiyo maneno yao yalisafiri. Kalinda alikuwa na nchi moja ndogo na lugha moja. Hata hivyo msamiati unaohusishwa naye umedumu, na umewashinda wale waliodhani kwamba mpira hauwezi kutangazwa bila Kifaransa.

Redio mwaka 1994

Hatuwezi kuandika historia ya redio tukiwa Gisozi bila kufika hapa. Mwezi Julai 1993 ilianza redio ya RTLM. Wataalamu waliochunguza matangazo yake wanakubaliana kuhusu mtindo wake: haikuzungumza kwa sauti ya kiserikali. Ilipiga muziki, ilitania, ilibishana, ilizungumza kama vijana wa mtaani wanavyozungumza. Ilikuwa redio ya maongezi, na maongezi hayo yalitumika kuchochea na kuongoza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Tarehe 3 Desemba 2003, huko Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliwatia hatiani wakuu wa vyombo vya habari vya chuki, wakiwamo waasisi wa RTLM.

Viateur Kalinda aliuawa katika mauaji hayo. Jina lake hutajwa kila mwaka katika kumbukumbu za waandishi wa habari waliouawa. Sauti iliyowafundisha Wanyarwanda kuita vitu vya uwanjani kwa majina ilinyamazishwa, na zile zilizofundisha watu kuwaita jirani zao kwa majina ya wadudu zikaendelea kusikika kwa wiki kadhaa.

Ninalisema hili kwa walimu wa lugha kwa sababu moja. Ufundi wa redio ya maongezi, yaani utani, ushabiki, jina la kupanga, kauli fupi inayorudiwa, hauna upande. Unaweza kujenga na unaweza kubomoa. Tunapowafundisha wanafunzi balagha na matumizi ya tamathali, tunawapa chombo hicho hicho. Hatuwezi kukifundisha kana kwamba hakina ncha.

Mwaka 2004

Baada ya 1994 Redio Rwanda ilibaki kuwa redio pekee ya Kinyarwanda iliyotangazia nchi nzima kutoka Kigali. Mpira ulirudi polepole. Mwaka 1998 Rayon Sports ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati kule Zanzibar. Mwaka 1999 timu ya pili ya taifa ya Rwanda ilitwaa Kombe la CECAFA hapa Kigali. Tarehe 7 Juni 2003 Jimmy Gatete alifunga bao pekee mjini Kampala dhidi ya Uganda, na tarehe 6 Julai alifunga jingine pekee mjini Kigali dhidi ya Ghana. Amavubi wakaenda Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza.

Mashindano hayo yalifanyika Tunisia mwezi Januari na Februari 2004. Rwanda ilifungwa 2-1 na wenyeji, ikatoka sare 1-1 na Guinea, ikaifunga Kongo 1-0. Haikuvuka kundi lake. Lakini kwa siku hizo chache nchi nzima ilikaa kwenye redio kwa jambo la furaha.

Mwezi Aprili mwaka huo huo yalifunguliwa Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari hapa Gisozi, ambapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Na ni mwaka huo huo redio binafsi zilipoanza tena kusikika Kigali, kufuatia sheria ya vyombo vya habari ya mwaka 2002. Radio 10 ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Mwaka 2005 ilianza Radio Salus ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda huko Butare, kwa msaada wa UNESCO, ikawa mahali pa mafunzo kwa vijana wa uandishi wa habari. Watangazaji kadhaa wa michezo waliojulikana baadaye Kigali walipitia huko.

Sidhani kwamba mambo haya matatu kutokea katika mwaka mmoja ni bahati tupu. Nchi ilikuwa ikijiuliza kama watu wanaweza tena kukabidhiwa kipaza sauti. Kwa maoni yangu, michezo ilikuwa moja ya njia salama za kulijibu swali hilo. Watu wangeweza kubishana kwa sauti kubwa, kuchukua upande, kukasirika, halafu kesho wakanunua chai pamoja. Simu za mkononi, zilizoanza kuenea nchini tangu mwaka 1998, ziliwawezesha wasikilizaji kuingia studio bila kutoka nyumbani.

Kutoka uwanjani hadi mahakamani

Kwa muda mrefu kipindi kikubwa cha michezo kilikuwa Urubuga rw'Imikino cha Redio Rwanda, yaani uwanja wa michezo. Jina linaeleza kazi yake: hapo ndipo habari za michezo zilipokutana. Redio binafsi zilipokomaa, habari peke yake hazikutosha. Msikilizaji alikuwa tayari ameona mechi kwenye televisheni au amepata matokeo kwenye simu. Alichotaka ni hoja.

Ndipo jina lilipobadilika kutoka uwanja hadi mahakama. Radio 10 ilikuwa na kipindi kilichoitwa Urukiko rw'Imikino, yaani Mahakama ya Michezo. Fine FM ikawa na chake, Urukiko rw'Ubujurire, yaani Mahakama ya Rufaa. Kwa hiyo mtu aliyeona hukumu ya redio moja haikumridhisha angeweza kukata rufaa kwenye redio nyingine. Utani huu umejengwa juu ya msamiati kamili wa sheria. Kocha ni mshtakiwa, mwamuzi ni mshtakiwa, shirikisho la mpira, FERWAFA, ni mshtakiwa wa kila wiki. Msikilizaji anayepiga simu ni shahidi. Watangazaji ni mawakili na mahakimu kwa pamoja, jambo ambalo mahakama za kweli haziliruhusu.

Hatua ya mwisho ilikuwa redio nzima kuegemea michezo. B&B FM Umwezi iliyoanza kusikika mwanzoni mwa miaka ya 2020 ilianzishwa na watangazaji wa michezo, David Bayingana na Jean de Dieu Bagirishya anayejulikana kama Jado Castar, na herufi zake mbili ni za majina yao. Sam Karenzi, aliyefahamika kupitia vipindi vya Urukiko, naye alianzisha redio yake, SK FM, iliyoanza mwaka 2025. Mtangazaji wa michezo aliyekuwa mwajiriwa wa dakika 30 baada ya taarifa ya habari akawa mwenye redio. Hilo ni badiliko la kiuchumi, na ni badiliko la hadhi pia.

Kiswahili kiko wapi?

Msomaji ataniuliza: vipindi hivi vyote ni vya Kinyarwanda, basi Idara ya Kiswahili inatafuta nini humo?

Jibu la kwanza limekwisha kutolewa: Kiswahili kimo ndani ya Kinyarwanda chenyewe cha mpira. Jibu la pili ni kwamba mpira wa ukanda huu unazungumza Kiswahili. Haruna Niyonzima alikwenda Yanga mwaka 2011, baadaye akachezea Simba pia. Meddie Kagere alijiunga na Simba mwaka 2018 na akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania misimu miwili mfululizo, kwa mabao 23 na kisha 22. Wachezaji hawa walihojiwa kwa Kiswahili kila wiki. Kijana wa Kigali aliyetaka kujua nyota wake anaendeleaje alilazimika kufuatilia Clouds FM, EFM au Wasafi FM. Mwezi Agosti 2024 APR ilipoitoa Azam FC ya Dar es Salaam katika Ligi ya Mabingwa Afrika, mabishano yalivuka mpaka, na wenye Kiswahili walikuwa na nafasi ya kujibu.

Kuna wanaosema kwamba lugha ya vipindi hivi ni chafu, imechanganywa Kiingereza, Kifaransa na lugha za mitaani, na haifai darasani. Hoja hii ina ukweli, lakini haitoshi. Jongo na Kalinda nao walichukua maneno mitaani. Tofauti ni kwamba walijali kama msikilizaji wa kijijini anaelewa. Kipimo cha mtangazaji hakiwi wapi alilitoa neno. Ni kama neno hilo linamfikisha msikilizaji uwanjani.

Wengine husema wanafunzi wa Rwanda hawakipendi Kiswahili kwa sababu kwa muda mrefu kilidhaniwa kuwa lugha ya wahuni na walanguzi. Dhana hiyo ipo, na sote tumekutana nayo. Mpira unaweza kuiondoa haraka kuliko mawaidha yetu. Kijana anayemsikia Kagere akijieleza kwa Kiswahili kizuri hamfikirii mhuni. Anamfikiria mtu aliyefanikiwa kazini.

Hitimisho na mapendekezo

Ninapendekeza mambo matatu kwa walimu wenzangu na wanafunzi.

Kwanza, wanafunzi wakusanye maneno ya mpira ya Kinyarwanda na Kiswahili, wayaweke safu mbili, na waeleze asili ya kila neno. Neno zamu peke yake linatosha kwa kipindi kizima cha isimu historia.

Pili, darasa lizime sauti ya mechi kwenye televisheni na mwanafunzi mmoja atangaze kwa Kiswahili kwa dakika tano. Njeo za vitenzi, ngeli, na viambishi vya mahali vyote vitajitokeza. Atakayekwama ataona mwenyewe ni nini anachohitaji kujifunza, na mwalimu hatakuwa na haja ya kumshawishi.

Tatu, tuandae mjadala wa mtindo wa urukiko, lakini kwa masharti: kila mshtakiwa awe na wakili, anayetoa shutuma aonyeshe ushahidi, na asiruhusiwe mtu kumwita mwenzake kwa jina la dharau. Mbotela aliendesha kwa miaka mingi kipindi kilichouliza kama tabia fulani ni ya ungwana au si ya ungwana. Swali hilo halijachakaa, na hapa Gisozi lina uzito kuliko mahali pengi.

Kalinda hakuandika sarufi. Alitangaza mechi, na mechi zikaisha. Lakini kila Jumapili jioni mtangazaji wa Kigali anapopaza sauti kwamba rutahizamu amempiga chenga umunyezamu, anatumia maneno ya mtu aliyeuawa, yaliyojengwa kwa neno tulilolifundisha sisi. Inafaa wanafunzi wetu walijue hilo.